Masika ya Kliya ya Maji

Jumapili, 9 Februari

Daktari wa hapa Biharamulo ametaja neno ambalo Fideli hakutaka kulisikia: hadina. Amesema si vumbi la msasa, si baridi, wala si mkono wa mtu mbaya huko kwao Murusagamba. Ni ile hadina, dawa ya kugandishia anayoichanganya kwenye kliya, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi inayolipa gari mng'ao. Ukungu wake umemwingia kifuani miaka yote hii, na sasa kifua kimeukataa.

"Ukiendelea kuipuliza," daktari alimwambia, "siku moja hutafika hapa."

Mume wangu aliitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu zote. Tulipotoka getini akasema, "Fundi rangi asiyepiga kliya ni sawa na padri asiyesoma misa." Kisha akaanza kukohoa, nikamshikia mfuko wa dawa mpaka alipomaliza.

Kabla hajanioa nilikuwa Mwanza, kwenye kiwanda kidogo cha rangi za ukuta, chumba cha kuchanganyia. Rangi zile zilikuwa za maji na hakuna mtu aliyetolewa pale amebebwa. Kwa nini kliya ya gari isiwe ya maji? Najua kuna nchi wanaitumia. Hapa kwetu hata dukani hujawahi kuiona. Basi nitaitengeneza mimi, Leonsia, nyuma ya banda letu la rangi, na nimeandika hapa ili nikose pa kurudia nyuma.

Fideli analala ameketi, mgongo umeegemea mto mkubwa wa sufi, kama abiria wa safari ya mbali. Mto ule nauchukia.

12 Februari

Mvua asubuhi, mvua jioni. Nimempigia rafiki yangu wa kiwandani. Resini, ule utomvu unaoshikanisha rangi, inapatikana.

18 Februari

Resini imefika kwa basi la Mwanza, ndoo imefungwa kwa gundi kila mahali. Nimeifungua mbele ya Fideli na Pancras, fundi mwenzake mwenye banda jirani. Ni nyeupe pepepe, nzito, utadhani imekamuliwa asubuhi. Nikawaeleza kwamba weupe ule ni wa muda tu. Chembe za resini zinaelea ndani ya maji, na maji yakiondoka zinashikana, zinakuwa kioo.

Pancras akachungulia ndoo. "Shemeji, hii tunapaka au tunanywea mkate?"

Fideli alicheka mpaka akakohoa. Niliwaacha wacheke, maana hakuwa amecheka tangu tutoke kwa daktari.

23 Februari

Nimejaribu kwenye boneti mbovu tuliyokuwa tunawekea misumari. Nilichanganya resini, dawa ya kuua povu, dawa ya kusaidia chembe zishikane, na maji ya kisima chetu. Fideli alisimama mbali, Pancras akapuliza. Imekauka na utando kama pumzi kwenye kioo. Maji ya kisima yana chokaa, birika letu ni shahidi. Nahitaji maji ya mvua, na hayo Mungu hajatunyima.

26 Februari

Mama mkwe ameingia kutoka Murusagamba na mkungu wa ndizi, maharage, na madumu matupu yamefungwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mukazana wanje, mkwe wangu. Mwanangu amekonda."

"Karibu ndani."

"Amekonda. Usiku anarara kweli?"

Mama Eustakia hufika kwangu kama mkaguzi wa shule. Huonja mboga, hutazama chini ya kitanda, kisha hukaa kimya, na kimya chake ndicho ripoti. Lakini aliposikia ninatafuta maji ya mvua, uso ulifunguka.

"Hiyo kazi yangu," alisema. "Na vyombo nimekuja navyo. Nimeviosha na majivu, nimevisugua na mchanga."

Ni madumu ya njano, yale ya mawese, kama yaliyo katika kila nyumba kuanzia mpakani hadi huku. Kabla jua halijazama alikuwa ameyapanga chini ya mabati, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

3 Machi

Utando umekwisha, limekuja lingine. Kliya ilitandaa vizuri, kisha ikajivuta yenyewe na kuacha vishimo vya duara boneti nzima. Mafundi wanaviita macho. "Kuna mafuta mahali," Fideli alisema kutoka mlangoni. Atakuwa sahihi. Itakuwa kompresa, mashine ya upepo wa kupulizia.

6 Machi

Tumefungua kompresa, tumeisafisha yote. Macho.

11 Machi

Mpira mpya wa upepo. Macho.

14 Machi

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimekuja pamoja, mji mzima unashinda na njaa, na mimi nina hasira juu ya njaa. Leo nimemkuta Fideli ameinama juu ya boneti yangu, kitambaa cha polishi mkononi. Polishi ile ina silikoni. Tone moja linatosha kuharibu kazi ya wiki.

"Kumbe ni wewe!" nikamwambia.

"Mimi nini?"

"Unataka nishindwe ili urudi kwenye hadina yako."

Alikitazama kile kitambaa kama vile hakukijua. "Nilikuwa nafuta kioo cha pikipiki, nikapita kuangalia. Na hata hivyo, Leonsia, mimi nataka kufanya kazi. Hiyo ndiyo nataka. Wewe unataka kushinda."

Mama Eustakia alikuwa anachambua maharage, na nadhani alichambua yaleyale mara mbili. 

19 Machi

Macho tena. Nimefua hata nguo za kazi.

24 Machi

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la wodi ya wanaume. Fideli yuko hai. Niseme hilo kwanza.

Asubuhi nilikwenda sokoni. Mwalimu Bartholomayo alikuwa ameleta gari lake dogo wiki iliyopita, Pancras akalipiga rangi kwake, ikabaki kliya, na nilimwomba mwalimu asubiri. Mwalimu alikubali. Aliyeshindwa kusubiri ni mume wangu. Nilipokata kona ya kwetu nikaisikia harufu, ile tamu kali ya kliya ya dukani, na majirani wamefunga madirisha kama ilivyokuwa zamani. Nyanya niliziacha hapohapo barabarani.

Nilimkuta kwenye mlango wa banda, amekaa chini, midomo imebadilika rangi. Mama mkwe alikuwa amemshika kwa nyuma, amemwegemeza kifuani mwake kama anavyoshikwa mtoto, anamsugua kifua na kumsemesha kwa Kirundi, polepole, bila kupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Pancras akaleta pikipiki, tukampakia katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na nilihisi mbavu zake zinavyohangaika kuvuta hewa isiyokuja. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilimtukana njia nzima. Nilimwambia akifa nitampaka hiyo kliya kwenye jeneza ang'ae vizuri. Mungu anisamehe, ndivyo woga unavyonitoka.

Walimwekea oksijeni na sindano. Mchana alifumbua macho akanitafuta.

"Gari la mwalimu," alisema, "ubavu wa kushoto bado."

Nilitaka kumpiga. Nikamshika mkono, tukalia wote wawili, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kutupa nafasi.

Baadaye alinieleza. Alisema kila akiniona na ile boneti anajiona yeye ndiye kitu kibovu kinachofanyiwa majaribio. Alitaka apige gari moja tu, kwa mkono wake, aone kama bado ni Fideli. Sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja. Nilikuwa nawaza resini.

26 Machi

Sijui nicheke au nijipige kofi.

Mama Eustakia alileta chai ya chupa wodini. Siku hizi ana haraka ya kuja hospitali, kwa hiyo badala ya kwenda kisimani ameipika kwa maji ya madumu yake. Nikanywa funda moja. Ilikuwa na sukari, ilikuwa na tangawizi, na chini kabisa ilikuwa na mawese.

Nilikisogeza kikombe dirishani. Juu ya chai vilielea viduara vidogo, vyembamba, vinang'aa. Macho. Yaleyale.

Dumu la mawese hata ulisugue na mchanga wa ziwa zima, plastiki imeshakunywa mafuta. Tumekunywa maji yake tangu utoto na hatuonji tena. Mimi nimefungua kompresa, nimenunua mpira, nimemtuhumu mume wangu, na dumu nalipita kila siku nikienda kuchota.

"Mama," nikasema, "ni madumu."

Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Alikifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga. "Kumbe ni mimi niriyeharibu?"

"Si wewe. Hakuna kwetu asiyehifadhi maji hivyo. Hata mama yangu."

"Kwa hiyo mwanangu yuko hapa kwa sababu ya madumu yangu."

"Yuko hapa kwa sababu ni mbishi," nilisema. "Hilo nalo amelitoa kwako?"

Fideli alitoa sauti ya kicheko ndani ya ile barakoa ya oksijeni. Mama akamtazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alicheka na mimi, japo machozi yalikuwa yanamtiririka.

27 Machi

Mama mkwe amezunguka stendi na hospitali akiokota chupa za maji ya kunywa. Amezisuuza, amezipanga. Mvua anaikinga kwa sufuria mpya, anachuja kwa kitambaa. Madumu ameyageuza kifudifudi nyuma ya nyumba na hayatazami.

2 Aprili

Hakuna macho! Hata moja. Boneti imelala laini kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipiga vigelegele, mama akaitikia, Pancras akaja mbio akidhani kuna msiba.

Fideli hakuwepo kuona. Ametoka hospitali na amepelekwa Kaniha kwa kaka yake Jean Paul anayelima tumbaku huko, mbali na harufu ya thina ya rangi na maneno yangu.

4 Aprili

Nimefurahi mapema. Boneti bado inanata. Mvua haijakatika, hewa yenyewe imelowa, maji yatatokaje kwenye kliya yaende wapi?

7 Aprili

Kumbikumbi wametoka baada ya mvua, wote wakatua kwenye boneti, mabawa na miguu. Mama amewabandua mmoja mmoja kwa masikitiko, maana hawa hawafai kukaangwa.

9 Aprili

Nimeingiza boneti sebuleni, nimefunga madirisha, nimewasha majiko ya mkaa. Chumba kilitoa jasho, ukuta ukatiririka, kliya ikafura ikawa nyeupe kama uji. Nimeikwangua yote. Mikono inauma. Kesho naanza tena.

12 Aprili

Simu ya Fideli, anaongea haraka. Nikashtuka nikidhani ni kifua.

"Leonsia, tumbaku inakauka huku mvua inanyesha!"

"Nini?"

"Nimekaa mbele ya bani la Jean Paul tangu jana. Nje kunanyesha, ndani majani yanakauka. Njoo uone. Usibishe, njoo tu."

Alikuwa amesema maneno yote hayo bila kukatiza pumzi. Niliona hilo baada ya kukata simu.

20 Aprili, Pasaka

Baada ya misa tumekwenda Kaniha, mimi, mama, ndoo ya kliya, vyombo vya kupulizia, na boneti imefungwa kwenye pikipiki kwa kanga. Njiani watu walituuliza gari liko wapi.

Bani ni nyumba ndefu ya matofali ya kukaushia tumbaku, haina dirisha. Moto unawashwa nje, na joto linapita ndani kwa bomba la bati linalozunguka sakafuni, moshi unatokea upande wa pili. Jean Paul alitueleza kwa kiburi cha mkulima ambaye leo ndiye mwalimu.

"Mwanzoni unafungua matundu ya juu. Moto mdogo. Unyevu utoke kwanza. Ukifunga na kuzidisha moto, jani linapikwa na mvuke, linakuwa jeusi, umekula hasara. Unyevu ukiisha, ndiyo unafunga, unaongeza."

Nilimtazama Fideli, naye alikuwa ananitazama. Sebule yangu na majiko yangu! Nilikuwa naipika kliya kwa mvuke wake mwenyewe.

"Hebu tuitundike humo," nikasema.

"Tumbaku yangu ikinuka rangi, mtaivuta wenyewe," alisema Jean Paul. Nikampa ndoo anuse. Akanusa, akanusa tena, akamrudishia Fideli, akaenda kufungua mlango wa bani.

Tulimwomba Fideli asimame upande wa upepo, na Jean Paul akashika bunduki ya rangi kwa maelekezo yake. Kisha tukaitundika chini ya majani.

21 Aprili

Imekauka. Nimeibonyeza kwa ukucha, haikuacha alama. Unaona mpaka meno yako. Inanuka tumbaku tu, na kwa hilo sitalalamika. Fideli aliipitisha kiganja kutoka ncha hadi ncha, akarudia. "Haijafika ile ya dukani kwa mng'ao," alisema. "Lakini itafika karibu." Hakusema "yako." Hakusema "yangu" pia. Akauliza bomba la bati la urefu wa gari tutalipata kwa nani.

6 Mei

Tunajenga bani la gari. Fideli amerudi na ndiye anayesimamia. Ananifokea kuhusu matundu ya juu na nampenda sana.

9 Mei

Mvua imeangusha ukuta mmoja. Tumeunyanyua.

14 Mei

Bani liko imara. Jaribio la petroli, maana haikosi kumwagika mtu akijaza tangi. Tone likaacha alama. Tumeongeza muda wa moto mdogo, kisha moto mkubwa. Alama tena, ila hafifu.

17 Mei

Tone la petroli, kufuta, hakuna kitu. Ukiliacha likae litaacha alama, na nitamwambia kila mteja hivyo usoni pake. Sitauza kwa maneno matamu.

20 Mei

Mzee Ahmadi, mwenye duka la vitambaa, ameleta gari lake, Noah. Anataka impeleke kwa nduguze siku ya Idi ikiwa mpya. Familia yao walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kinanifanya niongee kwa uangalifu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nasikia mumeo amepona na wewe umekuwa mkemia."

Nilimwambia yote: ni kitu kipya, mng'ao umepungua kidogo, petroli ifutwe mara moja, na ikiharibika tutaikwangua na kurudia kwa jasho letu. Alizungusha kofia yake.

"Na nikikataa?"

"Fideli hatapiga kliya ya zamani tena. Utampelekea fundi mwingine."

Fideli alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisubiri anikanushe. Akasogea akasimama kando yangu.

"Bwana huyu ndiye aliyenipigia gari la kwanza," alisema mzee. "Na mwenye pumzi ndiye atakayenipigia la mwisho. Anzeni."

27 Mei

Leo. Rangi ya chini Pancras aliipuliza kwake juzi, Fideli hakusogea. Leo asubuhi amevaa barakoa yake mpya. Alitaka kuivua kwa sababu "si ni maji tu," nikamwambia maji si ruhusa, ukungu ni ukungu, na kama anataka kuacha mke mjane aendelee. Akaivaa.

Akashika bunduki. Nilisimama mlangoni na mama, tumeshikana mikono bila kupanga. Alipita mara ya kwanza kwenye paa, mkono umenyooka, mwendo uleule wa zamani usio na haraka, kisha mlango, kisha ubavu. Nilijikuta nahesabu pumzi zake badala ya kuangalia kliya. Gari zima likawa jeupe, limefunikwa maziwa.

Wakati huohuo nani akatokea? Mzee Ahmadi, amepita kusalimia.

"Lahaula! Mmelipaka nini gari langu?"

"Subiri, mzee," nikasema.

"Nisubiri nini? Gari lilikuwa la bluu!"

Mama Eustakia alimletea kiti akakiweka mbele ya mlango wa bani. "Kaa, baba. Na mimi niriogopa hivyohivyo." Akampa chai. Nilinusa kikombe kwanza.

Matundu ya juu yalikuwa wazi, moto mdogo unawaka nje. Tulikaa. Mvua ndogo ilipita juu ya mabati, pengine ya mwisho mwaka huu. Kisha kwenye ukingo wa paa la gari bluu ikaanza kuchungulia. Ikashuka milangoni, polepole, weupe unajitoa kama ukungu wa asubuhi bondeni. Mzee aliacha chai ikapoa. Alisogeza kiti karibu zaidi, kisha karibu zaidi, mpaka akaiona kofia yake mwenyewe ubavuni mwa gari.

"Na madirisha ya majirani yako wazi," alisema. "Mmepuliza saa ngapi? Sikusikia harufu barabara nzima."

Fideli akavua barakoa nje, mbali, akavuta pumzi ndefu hadi chini. Tulimsikiliza wote. Akaitoa. Haikuwa na filimbi ndani yake.

4 Juni

Noah imekwenda. Chini ya boneti yake, ndani ya kliya, kuna kumbikumbi mmoja ambaye hatukumwona kabla haijakauka. Mzee amesema tumwache, ni mhuri wetu.

9 Juni

Vumbi limeanza, masika imekwisha. Mwalimu Bartholomayo amerudisha gari lake, tummalizie ule ubavu wa kushoto.

Leo nimeamka nikakanyaga kitu laini kando ya kitanda. Ule mto wa sufi, sakafuni, umejaa vumbi.

"Nani katupa huu mto chini?" nikafoka.

Nikageuka kumtazama Fideli. Alikuwa amelala chali, amenyooka, mdomo wazi, anakoroma.